"Usiinue kichwa!" Hivi mchezaji wa gofu anatakiwa aangalie wapi wakati wa swingi (kuzungusha fimbo apige mpira)?

#1 Mangi wa Rau
Wakuu, habari za asubuhi.

Nina miaka mitatu kwenye gofu, nachezea Moshi. Tangu siku ya kwanza naimbiwa wimbo mmoja: macho kwenye mpira, usiinue kichwa. Mpira ukiviringika chini kama chungwa lililodondoka kwenye toroli, naambiwa umeinua kichwa. Ukienda kulia, umeinua kichwa. Nikichimba ardhi kabla ya kuufikia mpira, jibu ni lile lile.

Jumamosi nikampa mdogo wangu simu anirekodi kwa mwendo wa polepole. Ayoni 7 (fimbo ya chuma), mipira sita, minne nikaitopu, yaani nikaigonga utosini. Jioni nikakaa sebuleni nikawa naisogeza video kwa kidole, picha moja moja. Katika ile minne yote, fimbo inapita juu ya mpira na uso wangu bado umetazama chini. Kichwa hakijageuka kabisa. Na ile miwili iliyoruka vizuri, mmoja ndiyo kichwa kilikuwa kimeshaanza kugeuka kufuata shimo!

Kwa hiyo nasema wazi: "usiinue kichwa" ndio ushauri unaotolewa kuliko wote kwenye gofu, na umeharibu watu wengi. Mimi umenipa shingo inayouma na kiuno kigumu kwa kujikaza. Naomba kujua, macho yakae wapi hasa? Kwenye mpira mzima? Nyuma ya mpira? Nyasi za mbele yake? Au hayana kazi kabisa?

#2 Chalii wa Sakina
Nawahi siti ya mbele, huu uzi utafika mbali.

Ila Mangi, sababu ya watu kuinua vichwa inajulikana. Mpira ni hela. Ukiupiga tu unataka kujua umeangukia wapi kabla haujaingia kwenye majani.

#3 Mzee wa Soweto
Mangi, heshima yako, ila usitupe jongoo na mti wake. Nimecheza tangu miaka ya themanini. Tatizo ni kwamba unaambiwa "mpira" kana kwamba mpira ni kitu kidogo. Angalia kitu kidogo zaidi. Chukua kalamu ya maka, weka nukta, kisha uweke mpira nukta ikae upande wa nyuma, pale fimbo inapogonga. Macho yako yakae kwenye nukta mpaka isionekane tena.

Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18, alipokuwa kijana kocha wake Jack Grout alimwekea mtu wa kumshika nywele akiwa anapiga ili kichwa kitulie. Alilia kwa maumivu, lakini kilitulia. Na hata alipokuwa mkubwa alikuwa anageuza kidevu kidogo kulia kabla fimbo haijaanza kurudi nyuma. Yule hakuwa anabahatisha.

#4 Dada Njiro
Shikamoo Mzee wa Soweto. Naomba nikupinge kwa adabu.

Annika Sörenstam aligeuza kichwa mapema kabisa. Ukisimamisha video zake pale fimbo inapogusa mpira, uso umeshaelekea mbele, mpira hautazamwi. Na huyo ndiye mwenye ushindi wa LPGA (ziara ya wanawake wa kulipwa) mara 72, mataji makubwa 10, na mwanamke wa kwanza kumaliza raundi kwa mapigo 59 kwenye ziara hiyo, mwaka 2001. Mwaka huo huo David Duval akashinda taji kubwa la The Open na yeye kichwa chake kilikuwa kinageuka hivyo hivyo. Kama kugeuza kichwa ni kosa, hawa wawili walishindaje?

Mimi nilijaribu mwaka jana baada ya kuumia mgongo. Niliacha kichwa kifuate kifua. Maumivu yakapungua, na fimbo ikapita bila kukwama.

#5 Boda Usa River
Wamarekani wale wanafundishwa tangu wadogo, sisi tunaanza na kitambi. Tusijifananishe na Annika.

#6 Dada Njiro
#5, Annika ni Mswidi. Duval ndiye Mmarekani.

#7 Boda Usa River
Asante dada, nimesahihishwa.

#8 Fyekeo
Mimi sijui video wala makocha. Nimekulia kufyeka. Ukishika fyekeo huangalii ubapa wake unakopita, unaangalia nyasi za mbele, zile unazotaka zilale. Ukiangalia chuma kinapogusa, mkono unasita, fyekeo linachimba udongo na mkono unakufa ganzi mpaka begani. Siku niliyoanza gofu nikachagua jani moja, kama kidole kimoja mbele ya mpira, nikawa napiga jani. Mpira uko njiani tu, unaondoka wenyewe. Toka hapo kutopu kumepungua sana kwangu.

#9 Mzee wa Soweto
Fyekeo, jani la mbele kwa ayoni nakubali, kwa sababu ayoni inashuka, inaanza na mpira halafu ardhi. Kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira uko juu ya tii (kijiti) na fimbo inatakiwa ianze kupanda. Ukitazama mbele na draiva utaupiga mpira juu ya kichwa au utakata tii. Kwa draiva, nyuma ya mpira. Hapo sirudi nyuma.

#10 Mwalimu wa Fizikia
Naomba niingize kipimo kidogo, kwa sababu hapa tunabishana kuhusu kuona kitu kisichoonekana.

Fimbo ikishaanza kushuka, inaufikia mpira kwa karibu robo ya sekunde. Jicho likiona kosa, ubongo ukatoa amri na misuli ikaitikia, karibu muda wote huo umeisha. Na fimbo ikigusa mpira, vinakaa pamoja kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna binadamu anayeona mgongano huo. Mzee anayesema aliona nukta yake ikigongwa, aliona nukta kabla, kisha akaona pengo.

Kwa hiyo kazi kubwa ya macho inafanyika kabla: kukupa umbali wa mpira, urefu wa mikono, mwelekeo wa mabega. Fimbo ikishaanza kushuka, mwili unafuata ramani uliyokwishaichora.

#11 Chalii wa Sakina
Mwalimu, mimi nilisikia mpira unaganda kwenye uso wa fimbo kama sekunde nzima, ndio maana mtu anaweza kuukunja.

#12 Mwalimu wa Fizikia
Hapana chalii wangu. Ingekuwa sekunde nzima, fimbo ingekuwa imeshazunguka begani na mpira bado umebebwa. Mpira unakunja kwa sababu ya jinsi uso wa fimbo ulivyoelekea ukilinganisha na njia yake katika kile kitambo kidogo.

#13 Mangi wa Rau
Asanteni nyote. #10 umenigusa. Kama macho hayana nafasi ya kusahihisha, basi kwa nini nikitazama pembeni makusudi nakosa mpira kabisa? Nilijaribu jana uani kwa mpira wa plastiki. Nikatazama ndoo ya maji iliyokuwa upande wa kushoto. Nikapiga hewa mara mbili, mama watoto akacheka mpaka akakaa chini.

#14 Nyonga Kwanza
Mangi, nimeisoma #1 mara mbili. Jibu lako liko kwenye video yako mwenyewe, ila umeangalia kichwa tu. Hebu irudie, safari hii angalia kiuno. Nina hakika wakati fimbo inashuka nyonga zako zinasogea kuelekea mpira, mgongo unanyooka, mikono inakosa nafasi, viwiko vinajikunja. Mpira una kipenyo cha milimita 42.67. Kutoka katikati yake mpaka juu ni milimita 21 tu na kidogo. Mwili ukinyanyuka kwa unene wa kidole, umeshagonga utosi wa mpira. Na uso unaweza kuwa umetazama chini muda wote huo!

Mtu wa pembeni anaona mtu amenyanyuka, anasema umeinua kichwa. Kichwa kimebebwa na mgongo. Kukemea kichwa hapo ni sawa na kugombana na kofia.

Jaribu hivi nyumbani: simama makalio yakigusa ukuta, chukua mkao wa kupiga, zungusha mwili bila fimbo. Kalio la kulia ligusane na ukuta ukirudi nyuma, la kushoto ligusane ukishuka. Likiachana na ukuta, hapo ndipo mpira wako unapotopiwa.

#15 Mangi wa Rau
Nyonga Kwanza, nimekimbilia ile video sasa hivi. Ni kweli. Kwenye mpira wa tatu nyuma yangu kuna mti. Mwanzoni suruali yangu inaziba shina lote, fimbo ikiwa inashuka shina linaanza kuonekana kati yangu na ukingo wa picha, upana wa kiganja hivi. Nimesogea mbele kabisa.

Lakini swali langu bado lipo. Nikiwa makini kutazama mpira ndipo nasogea zaidi. Kama vile macho yanauvuta uso uufuate mpira.

#16 Dada Njiro
Ndicho ninachokisema! Kukaza macho kunakaza shingo, shingo inakaza mabega, na mwili unatafuta pa kutokea. Ukiruhusu kichwa kugeuka, kifua kinapata njia.

#17 Mzee wa Soweto
Binti yangu, kugeuka na kunyanyuka ni vitu viwili. Huyo Annika wako kichwa kinazunguka ila hakipandi. Wengi hapa wakiambiwa "geuza" watanyanyuka kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Kwa mwanafunzi, bora atulie kwanza.

Na jambo jingine, wengi wakiambiwa watazame chini wanabana kidevu kifuani. Kidevu kikigusa kifua, bega la kushoto halina pa kupita. Kidevu kiwe juu, macho ndiyo yashuke. Hilo Mangi liangalie, huenda ndilo linalokuumiza shingo.

#18 Fundi Miwani
Nimechelewa ila hii ni sehemu yangu, nafanya kazi ya miwani hapa Arusha mjini.

Wenye umri wa kuanzia arobaini na kitu, niambieni mnavaa miwani gani uwanjani. Miwani ya sehemu mbili, au ile inayobadilika polepole kutoka mbali kwenda karibu, sehemu ya chini imetengenezwa kwa kusoma kitabu mkononi. Mpira wa gofu uko chini kweli, lakini uko mbali na macho kama mita moja na nusu. Ukiutazama kupitia sehemu ya chini ya kioo, unaona ukungu, na unaonekana umesogea. Mteja wangu mmoja alikuwa anapiga ardhi nyuma ya mpira kila siku, akadhani ni uzee. Tulimtengenezea miwani ya mbali tupu kwa ajili ya uwanjani. Alirudi baada ya wiki mbili kuniletea parachichi mfuko mzima.

Pia kuna jicho tawala. Nyoosha mikono, unganisha viganja ubaki na tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, mfano ncha ya Meru. Funga jicho moja moja. Jicho ambalo likiwa wazi kilele kinabaki ndani ya tundu, hilo ndilo tawala. Waliowinda ndege kwa manati wanalijua bila kupima. Mpigaji wa kulia mwenye jicho tawala la kushoto anaona nyuma ya mpira kwa raha hata akigeuza kidevu kulia. Mwenye jicho tawala la kulia akigeuza sana, pua inamziba. Nicklaus wa #3 alikuwa wa jicho la kushoto, kwa hiyo kile kidevu kilimfaa yeye. Si lazima kikufae wewe.

#19 Mangi wa Rau
Nimepima kwa kutumia Kibo, mawingu yametupisha leo. Jicho langu tawala ni la kulia! Na miaka mitatu nageuza kidevu kulia kwa sababu niliambiwa.

#20 Chalii wa Sakina
Na mimi wa kulia. Manati yote yale kumbe yalikuwa vipimo.

#21 Msomaji wa Ngaramtoni
Nauliza tu wakuu. Kuna watu wasioona kabisa wanacheza gofu, tena mashindano ya kimataifa yapo. Msaidizi anamwelekeza mwili, anamwekea fimbo nyuma ya mpira, kisha mchezaji anapiga. Wapo wanaopiga mbali na katikati kabisa. Macho yana kazi gani hapo?

#22 Mwalimu wa Fizikia
Msomaji, hilo linaniunga mkono #10. Ramani imechorwa kabla, kwa macho ya msaidizi. Na kanuni zinamruhusu asiyeona kugusisha fimbo kwenye mchanga wa benka (shimo la mchanga) kabla ya kupiga, jambo ambalo sisi tukilifanya tunaadhibiwa. Yaani kanuni zenyewe zinatambua kwamba mkono wake unahitaji kujua mpira uko wapi.

#23 Mzee wa Soweto
Mwalimu, asiyeona haoni kitu cha kumvuta anyanyuke. Hana hamu ya kuchungulia. Kichwa chake kimetulia kuliko chetu. Mfano huo naona unaniunga mkono mimi.

#24 Begi Begani
Salaam. Mimi ni kedi, nimebeba mabegi miaka kumi na moja. Nimesoma mnavyotusema, naomba kueleza upande wetu.

Kwanza, kedi akisema "umeinua kichwa" mara nyingi anasema hivyo kwa sababu ndilo neno fupi na halimkwazi bosi. Siwezi kumwambia mtu mzima mbele ya wageni wake kwamba makalio yake yanakimbilia mpira. Nyonga Kwanza amesema kweli, tunaliona kila siku.

Pili, Chalii #2 umegusa penyewe. Mtu anachungulia kwa sababu anaogopa kupoteza mpira. Tangu 2019 muda wa kuutafuta ni dakika 3, zamani zilikuwa 5. Lakini kuangalia mpira unapoangukia ni kazi yangu. Nasimama pembeni, nachagua mti nyuma ya pale ulipodondoka, nautembelea moja kwa moja bila kutoa jicho. Bosi ninayemwambia "piga tu, mimi nimeushika kwa macho" mabega yake yanashuka pale pale. Nimeliona kwa watu wengi.

Kwa hiyo mkiuliza macho yaende wapi, mimi nasema yapo macho manne pale, si mawili.

#25 Dada Njiro
Begi Begani, asante kwa moyo wote. Hii ya kuogopa kupoteza mpira nimeiona kwangu pia, kwenye shimo lenye korongo kushoto napiga vibaya kila mara, na mbele kukiwa wazi napiga vizuri kwa fimbo ile ile.

#26 Boda Usa River
Mashimo yenyewe 9 tu pale kwetu Usa River, na korongo liko kila mahali.

#27 Chalii wa Sakina
Boda, uwanja wa Kili Golf wa huko kwenu una mashimo 18. Ya 9 ni Arusha Gymkhana na Moshi. Umewahi kufika au unapita na pikipiki?

#28 Boda Usa River
Nafikisha wageni getini. Nitaingia siku moja, Mungu akipenda.

#29 Begi Begani
Boda, njoo Jumatatu asubuhi uulize getini kuhusu kazi ya begi. Wengi wetu tulianzia hivyo.

#30 Mama wa Grini
Mmeongelea swingi kubwa, mmesahau kuputi, yaani kuusukuma mpira shimoni ukiwa kwenye grini, zile nyasi fupi za shimo, na huko ndiko alama zinakopotea. Huko macho yana kazi hata kwa hesabu za Mwalimu, kwa sababu fimbo inakwenda taratibu.

Mtafiti wa Canada, Joan Vickers, mwaka 1992 alichapisha kazi yake ya kupima macho ya wachezaji wakiputi. Wale wazuri walikuwa wanatuliza jicho mahali pamoja kwenye mpira kabla ya kuanza kusukuma, na jicho linabaki pale pale kitambo baada ya mpira kuondoka. Wale dhaifu macho yalikuwa yanarukaruka kati ya mpira, fimbo na shimo. Mimi naweka sarafu ya mia mbili chini ya mpira. Mpira ukiondoka lazima nione sarafu kwanza, ndipo nisikilize kikombe. Kusikiliza, si kutazama.

#31 Msomaji wa Ngaramtoni
Mama, lakini Jordan Spieth alishinda taji kubwa la Masters 2015 na putu nyingi za karibu alizipiga akitazama shimo, si mpira.

#32 Mama wa Grini
Kweli, na sina jibu la kumpinga. Labda naye ametuliza jicho, ila amelituliza kwenye shimo. Nilimwiga wiki moja. Za nusu mita ziliingia zote. Za mita tatu nilikuwa nagonga nyasi.

#33 Mzee wa Soweto
Kwa grini za Moshi, macho yanadanganya hata yakiwa wazi. Mji wote umelala kwenye mteremko unaoshuka kutoka mlimani. Unaona grini imelala kushoto, mpira unakwenda kulia, kwa sababu jicho limechukua mteremko mkubwa likaufanya ndio usawa. Wazee walitufundisha: kabla ya kuputi tafuta Kibo kiko wapi, hata kama kuna mawingu. Mpira unaukimbia mlima.

#34 Chalii wa Sakina
Na Arusha unaukimbia Meru. Nilipoteza soda tatu kabla sijaamini.

#35 Mangi wa Rau
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Leo asubuhi nimepiga mipira 40 ya mazoezi, ayoni 7, Begi Begani akiwa pembeni yangu (kumbe tunafahamiana, sikujua ni yeye).

Kumi nikitazama nukta ya Mzee nyuma ya mpira: mitano mizuri. Kumi nikitazama jani la Fyekeo: saba. Kumi nikiacha kichwa kigeuke kama Dada Njiro anavyosema: sita, ila hiyo sita ndiyo iliyokwenda mbali kuliko yote, na shingo haikuuma. Kumi za mwisho sikuchagua pa kutazama, nilifikiria ukuta nyuma ya makalio tu: saba. Kidevu sikukigeuza kulia hata mara moja.

Mzee, naomba usinichukie. Nitarudia Jumamosi na draiva, kwa masharti yako.

#36 Mzee wa Soweto
Sikuchukii mwanangu. Mipira kumi ni michache. Na umeanza na yangu ukiwa hujapasha mwili, ulitegemea nini? Jumamosi anza na jani, malizia na nukta. Nitakuja mwenyewe kuhesabu.

#37 Fyekeo
Nami nakuja. Nitaleta jani langu.

#38 Begi Begani
Mangi, ule mpira wa nane katika zile kumi za kichwa kugeuka, ulioingia kwenye miti ukasema uachwe, nimeuokota. Ulikuwa umepita mti wa pili, nyuma ya kichuguu. Uko kwenye begi lako, mfuko wa mbele.